Kunguru, Panzi na Nyasi: Kuitazama Upya Filamu ya Kijasusi ya Mwaka 1963

Wahenga walituachia methali mbili juu ya ugomvi wa watu wawili, na methali hizo hazisemi jambo moja. Ya kwanza yasema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ya pili yasema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ile ya kwanza yatufundisha kumtafuta anayenufaika. Hii ya pili yatufundisha kumtafuta anayeumia. Katika makala haya tunakusudia kuipima kwa methali hizo filamu moja ya zamani iitwayo From Russia with Love, yaani Kutoka Urusi kwa Mapenzi, ambayo ni ya pili katika mfululizo wa filamu za jasusi James Bond. Ni filamu iliyochakaa kwa mengi, na hata hivyo ingali yafurahisha. Rai yetu ni kwamba watungaji wake waliijua vyema methali ya kwanza wakaisahau ya pili, na kwamba katika kusahau huko mna somo kwa mwalimu wa Kiswahili.

Huenda msomaji akauliza: filamu ya Waingereza iliyopigwa Uturuki yatuhusu nini? Tutamjibu tutakapofika kwenye ukuta mmoja wa mji wa Istanbul. Kwanza hatuna budi kueleza filamu yenyewe ilivyopatikana.

Chimbuko la filamu

Ian Fleming, mwandishi wa Kiingereza, alikuwa afisa katika idara ya upelelezi ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha akawa mtu wa magazeti, na mwaka 1953 akatoa riwaya yake ya kwanza ya James Bond. Riwaya tunayoizungumzia ilikuwa ya tano, nayo ilitoka mwaka 1957. Mwaka 1961 gazeti la Life la Marekani lilitaja vitabu kumi alivyovipenda Rais John Kennedy, na riwaya hii ilikuwa miongoni mwavyo. Tangu hapo jina la Fleming likavuma Marekani.

Watayarishaji Albert Broccoli na Harry Saltzman walikuwa wamekwisha kutoa filamu ya kwanza, Dr. No, mwaka 1962. Ilipofanikiwa wakaichagua riwaya hii iwe ya pili, nao wakaitengea kiasi cha dola milioni 2, mara mbili ya gharama za ile ya kwanza. Mwongozaji alibaki Terence Young, na mwigizaji mkuu akabaki Sean Connery, Mskoti. Upigaji picha ulianza mwezi Aprili 1963, katika studio za Pinewood huko Uingereza, mjini Istanbul, na baadaye Uskoti. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 10 Oktoba 1963.

Mara nyingi filamu ya pili huwa kivuli cha ya kwanza. Hii haikuwa hivyo. Ndiyo iliyoanzisha desturi ya kuonyesha tukio la kutisha kabla ya majina ya waigizaji, na ndiyo iliyomleta Desmond Llewelyn, yule fundi wa vifaa vya ajabu ambaye watazamaji walimzoea kwa zaidi ya miaka thelathini. Filamu nyingi zilizofuata katika mfululizo huo zimejengwa juu ya msingi uliowekwa hapa.

Hadithi kwa ufupi

Kundi la wahalifu liitwalo SPECTRE lataka kuiba mashine ya Kisovyeti ya kufumbua maandishi ya siri, na papo hapo kulipiza kisasi kwa Bond. Mpango watungwa na bingwa wa sataranji, na utekelezaji wakabidhiwa Rosa Klebb, mwanamke aliyekuwa mkubwa katika ujasusi wa Kisovyeti, ambaye amekwisha kuhamia upande wa SPECTRE bila ya wenzake kujua. Klebb amwita Tatiana Romanova, karani katika ubalozi mdogo wa Kisovyeti mjini Istanbul, akamwamuru ajifanye amempenda Bond kwa kuona picha yake, na kwamba yu tayari kutoroka na mashine hiyo iwapo Bond mwenyewe atakuja kumchukua. Binti huyo aamini kwamba anaitumikia nchi yake.

Waingereza wanatambua kuwa ni mtego, lakini mashine wanaitamani. Bond atumwa Istanbul, apokewa na Kerim Bey, Mturuki anayewafanyia Waingereza kazi pamoja na wanawe. Mashine yachukuliwa baada ya bomu kulipuliwa chini ya ubalozi, na watoro wapanda gari moshi la Orient Express kuelekea magharibi. Ndani ya gari hilo yumo pia Grant, muuaji wa SPECTRE, ambaye tangu mwanzo amekuwa akimlinda Bond kwa siri ili amuue wakati ufaao. Kerim auawa njiani. Bond amshinda Grant, akaponea chupuchupu kufukuzwa kwa helikopta na kwa mashua, hata akafika Venice, ambako Klebb amvamia kwa kisu chenye sumu kilichofichwa katika ncha ya kiatu. Anayempiga risasi Klebb ni Tatiana.

Kunguru

Mapema katika filamu pana tendo fupi ambalo ndilo ufunguo wa yote. Mkuu wa SPECTRE, ambaye uso wake hatuonyeshwi, ampapasa paka mweupe aliye mapajani, huku akiwaelekeza wenzake watazame tangi lenye samaki watatu. Wawili wanapigana. Wa tatu amejitenga, angoja. Mshindi atakapokuwa hoi, hapo ndipo samaki wa tatu atakapomshambulia. Hivyo ndivyo SPECTRE inavyotaka kufanya baina ya madola makubwa mawili. Mswahili akilitazama tendo hilo hahitaji maelezo zaidi: panzi wanapigana, kunguru afurahi.

Katika riwaya mambo hayakuwa hivyo. Huko adui alikuwa SMERSH, idara ya Kisovyeti iliyokuwako kweli tangu 1943 hadi 1946, ambayo Fleming aliipa uhai mrefu kuliko ule iliojaaliwa. Filamu ilimwondoa Mrusi katika nafasi ya adui ikamweka mhalifu asiye na taifa. Ili kuelewa mabadiliko hayo hatuna budi kuikumbuka kalenda ya siku zile. Mwezi Oktoba 1962 Marekani na Muungano wa Kisovyeti zilikaribia kupigana kwa mabomu ya nyuklia kwa sababu ya makombora yaliyowekwa Kuba. Tarehe 20 Juni 1963 madola hayo yakakubaliana kuweka njia ya mawasiliano ya moja kwa moja baina ya Moscow na Washington. Tarehe 5 Agosti 1963, pamoja na Uingereza, yakatia sahihi mjini Moscow mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, anga za juu na chini ya maji. Filamu yetu ilitengenezwa katika miezi hiyo hiyo, na watayarishaji wake hawakutaka kuifungamanisha na ugomvi wa kisiasa.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na kwa biashara ulikuwa wa faida. Lakini ulikuwa na hila yake. Kunguru asiye na nchi hana bunge la kumhoji, wala raia wa kumlaumu. Ukimtwika yeye dhambi zote, panzi wote wawili hutoka na mikono safi.

Utamu usiokwisha

Tusiwe wachoyo wa sifa. Filamu hii ni tamu, na utamu wake watokana na ufundi wa kusimulia. Tuchukue mfano wa mkoba anaopewa Bond kabla ya safari. Tunaonyeshwa sarafu 50 za dhahabu zilizofichwa ndani yake, kisu, bunduki ya kukunjwa, na kopo la gesi ya machozi litakalomlipukia usoni yeyote atakayeufungua bila kujua namna yake. Kisha twausahau mkoba huo. Baadaye kila kilichoonyeshwa hutumika, na hutumika mahali tusipopatarajia. Mwanafunzi wa uandishi akitaka kujua maana ya kupanda mbegu ya kisa na kuivuna, na autazame mkoba huo.

Tena pana pigano la Bond na Grant ndani ya chumba cha gari moshi. Siku hizi filamu za aina hii hubomoa miji mizima, na mtazamaji akapiga miayo. Hapa ni wanaume wawili tu katika nafasi isiyotosha kunyoosha mkono, taa imevunjika, tunasikia vishindo na pumzi. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado moyo hudunda. Hata kejeli yake yachekesha: Grant, aliyejifanya afisa wa Kiingereza, ameagiza divai nyekundu kwa mlo wa samaki, na Bond atambua akiwa amechelewa kwamba kosa hilo la mezani lilimfichua. Majivuno ya kitabaka ya Kiingereza yalidhani hata muuaji hutambulikana kwa adabu za kula.

Waigizaji nao wana historia iliyo nzito kuliko hadithi waliyoigiza. Lotte Lenya, aliyemwigiza Klebb, alikuwa mwimbaji mashuhuri aliyeiondoka Ujerumani mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika serikali. Pedro Armendáriz wa Meksiko, aliyemwigiza Kerim, alikuwa mgonjwa wa saratani wakati wa kazi hiyo, na aliikubali ili jamaa zake wapate chochote atakapokuwa hayupo. Sehemu zake zilipigwa kwa haraka ili azimalize. Alifariki mwezi Juni 1963, asiione filamu. Mtazamaji anayelijua jambo hili hawezi kukitazama kicheko cha Kerim kama alivyokitazama kwanza.

Yaliyochakaa

Ama kuhusu yaliyochakaa, hayahitaji miwani kuonekana. Tatiana ni chambo mikononi mwa kila mtu: Klebb amwamuru, Bond amhoji hata akampiga kofi, na wakubwa wa London wanazisikiliza siri zake za faragha kwenye mkanda wa sauti. Mwigizaji wake, Daniela Bianchi wa Italia, hakuachiwa hata sauti yake. Maneno tunayoyasikia yalisemwa na mwigizaji mwingine wa Kiingereza. Ni kweli kwamba mwishoni Tatiana ndiye anayeamua nani afe na nani aishi, jambo ambalo halimo katika riwaya. Lakini saa mbili za kutumwa hazifutwi na dakika moja ya kuamua.

Vibaya zaidi ni kambi ya Wajipsi. Wanawake wawili wapiganishwa mbele ya wageni kwa ajili ya mume, kana kwamba watu wa jamii hiyo hawana kazi nyingine duniani ila kuwachezea wasafiri. Hatuelezwi wanaishi kwa kazi gani wala wana mashaka gani. Kambi yao yashambuliwa kwa kuwa imempa Bond hifadhi. Watu waanguka, mahema yaungua, kisha kunakucha na hadithi yasonga mbele. Hakuna anayewahesabu waliokufa.

Nyasi

Hapa ndipo methali ya pili inapotuita. Mji wa Istanbul katika filamu ni uwanja wa kuchezea ugomvi wa wengine. Tunaonyeshwa Hagia Sophia, jengo lililokamilishwa mwaka 537, ili jasusi mmoja amuue mwingine kati ya nguzo zake. Tunaonyeshwa hodhi kubwa la maji la chini ya ardhi, lenye nguzo 336, lililojengwa zama za Mfalme Justinian, ili Kerim apate njia ya kuwachungulia Warusi. Wenyeji hupita nyuma, kama pazia.

Na ilhali Fleming mwenyewe aliwahi kuiona Istanbul ikiumia. Mwezi Septemba 1955 alikwenda huko kuandika habari za mkutano wa polisi wa kimataifa. Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7, baada ya habari kuenea kwamba bomu limelipuka kwenye ubalozi mdogo wa Uturuki mjini Thessaloniki, mahali ilipo nyumba alimozaliwa Atatürk, makundi ya watu yalivamia maduka, nyumba na makanisa ya Wagiriki wa Istanbul. Nyuma ya ghasia hizo ulikuwapo ugomvi wa kisiwa cha Kupro, ambacho wakati huo kilitawaliwa na Uingereza. Katika miaka iliyofuata Wagiriki wengi waliuhama mji ambao wazee wao walikuwa wameukalia karne nyingi.

Msomaji na alinganishe. Katika filamu bomu lalipuka chini ya ubalozi, moshi watanda, Bond achukua mashine na binti, nasi twacheka kwa werevu wake. Miaka minane tu kabla yake, katika mji ule ule, habari ya bomu la ubalozi iliwafukarisha maelfu ya watu. Filamu haikulazimika kueleza historia hiyo. Lakini anayeijua hawezi tena kulisikia bomu la sinema kuwa kishindo tu.

Kerim naye ni nyasi. Ni mwenyeji, ni mkarimu, ni baba, na vita anavyopigana si vyake. Katika kituo cha Belgrade mwanawe mmoja apewa habari za kifo cha baba kwa maneno machache, naye apewa kazi nyingine ya kumsaidia Bond. Kisha gari moshi laondoka. Na kituo hicho kinachoitwa Belgrade, kwa hakika ni Sirkeci cha Istanbul yenyewe, kilichopambwa upya kwa ajili ya picha. Msiba ule ulitokea nyumbani, ukapewa jina la ugenini.

Neno letu ukutani

Sasa tufike kwenye ukuta tulioutaja. Kerim atakapo kumuua adui wake Krilencu, huenda usiku kumvizia nje ya nyumba yake. Ukutani pana tangazo kubwa la sinema lenye uso wa mwanamke, na katika kinywa cha uso huo mna dirisha la siri. Krilencu ajipenyeza humo ili atoroke, naye Kerim, akiegemeza bunduki begani mwa Bond, ampiga risasi. Sinema inayotangazwa ni Call Me Bwana, ambayo Broccoli na Saltzman waliitoa mwaka huo huo wa 1963.

Ndiyo, ni bwana yule yule wa Kiswahili. Katika sinema hiyo ya kuchekesha, Bob Hope aigiza mtu anayejidai kuwa mtaalamu wa Afrika hali hajapata kuikanyaga, kisha apelekwa huko kukitafuta chombo cha anga cha Marekani kilichoanguka. Neno letu lilifika Istanbul likiwa tangazo la biashara, nasi wenyewe hatukuwamo.

Lakini katika miaka ile sisi nasi tulikuwa nyasi. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilieleza kwamba mwaka 1960 sumu ilipelekwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kwa ajili ya kumuua Patrice Lumumba. Sumu hiyo haikutumika. Lumumba alipigwa risasi huko Katanga tarehe 17 Januari 1961, mbele ya maafisa wa Kibelgiji. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa mjini Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Kiatu cha Klebb na mkoba wa Bond ni vichekesho kwa mtazamaji wa London. Kwetu sumu na bomu la kifurushi vilikuwa na majina ya watu na matanga yake.

Kwa hiyo haishangazi kwamba mwandishi wa Kitanzania, Elvis Musiba, alipouchukua mtindo huu wa hadithi aliupindua. Katika Kufa na Kupona, riwaya ya mwaka 1974, shujaa Willy Gamba ana bastola, warembo na mbio za magari kama Bond. Tofauti ni kwamba anaitumikia kazi ya ukombozi wa Afrika, ambayo Kamati yake, iliyoundwa mwaka 1963, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Nairobi na Dar es Salaam za Musiba si pazia la nyuma ya wageni. Ni miji ya wenyewe, na anayeilinda ni mwenyeji. Hatusemi kwamba riwaya hizo hazina kasoro. Wanawake wake nao mara nyingi hutendewa kama Tatiana. Tunasema tu kwamba ndani yake mwana wa Kerim amepanda gari moshi na kushika hadithi mkononi mwake.

Neno kwa walimu

Wako wanaosema kazi za aina hii hazifai darasani, na wako wanaozimeza bila kutafuna. Sisi twaona kwamba zifurahiwe kwanza, kisha ziulizwe maswali. Mwalimu aweza kuanzia kwenye msamiati. Katika mazungumzo yetu, yule tumpendaye mara nyingi twamwita mpelelezi, na tusiyempenda twamwita jasusi, ingawa kazi yao ni moja. Katika makala haya tumemwita Bond jasusi tangu mwanzo. Wanafunzi na waulizwe kama tumemtendea haki, na kama Willy Gamba astahili jina jingine.

Baada ya hapo na waandike insha fupi: wasimulie safari ile ya gari moshi kwa kinywa cha mwana wa Kerim, aliyesimama kituoni na habari ya msiba masikioni mwake. Watazamaji wetu wamezoea kusema kuwa steringi hafi, na kweli Bond hakufa. Mwanafunzi atakayeweza kutuambia mwana yule alirudije nyumbani, na alimwambia nini mama yake, atakuwa amezielewa methali zote mbili.